Kabati Lenye Kufuli Si Maktaba

Liko neno lisemwalo sana katika nchi zetu, nalo husemwa kwa kicheko: ya kwamba ukitaka kumficha mtu wetu jambo, uliandike kitabuni. Sisi walimu wa huku Itumba na milima ya Ileje twalisikia barazani, sokoni, hata vinywani mwa watu waliosomeshwa kwa jasho la wazee wao. Leo twasema waziwazi ya kuwa neno hili si kweli, na walisemao huwatukana watu wasio na kosa. Watu wetu hawakuvikataa vitabu. Vitabu ndivyo vilivyofungiwa mbali nao, na hata pale vilipo, hapana mtu wa kuwaambia, "Twaa hiki, kitakufaa."

Desturi yenyewe mwaijua. Vitabu huletwa kwa shangwe, hupigwa picha, kisha hutiwa kabatini. Kabati hutiwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mtu mwenye shughuli nyingine saba. Akija kijana kuazima, huambiwa aje kesho. Akija kesho, huulizwa, "Wataka kitabu gani?" Naye atajuaje jina la kitabu asichopata kukiona? Huona haya, akaenda zake, asirudi tena. Kisha mwaka ukiisha huandikwa katika taarifa kwamba wanakijiji hawapendi kusoma. Amefunga mlango, halafu awalaumu wageni kwa kuwa hawakuingia!

Wenye funguo watatujibu, "Vitabu hupotea, huchanika, hudondoshewa mafuta ya taa, nasi ndio tutakaodaiwa." Neno hili lina ukweli ndani yake, wala hatulidharau, kitabu ni mali, na mali ina hesabu. Lakini twauliza: jembe lililochakaa shambani na jembe lililoota kutu darini, ni lipi lililopotea bure? Kitabu kilichochanika mikononi mwa wasomaji arobaini kimekwisha kulipa bei yake. Kitabu kilicholiwa na mchwa kabatini kabla ya kusomwa, hicho ndicho kilichoibwa. Daftari la kuazima, na onyo kwa mwazimaji mzembe, vyatosha kuilinda mali. Kufuli lisilofunguliwa halilindi kitu, huzika.

Maktaba ni nini, basi? Si nyumba, wala rafu, wala hesabu ya vitabu. Maktaba ni mtu amjuaye msomaji na kukijua kitabu, akawakutanisha. Mwaka 1931 mkutubi mmoja wa Madras katika Bara Hindi, S. R. Ranganathan, alitoa kitabu cha kanuni za kazi hiyo, na mafundisho yake yaelekea papo hapo: kitabu hakina maana kisipotumika, na mkutubi hana budi kumtafutia kila mtu kile kimfaacho. Nanyi mliosoma Matendo ya Mitume mwamkumbuka yule mkuu kutoka Kushi. Chuo alikuwa nacho, kusoma alijua, na gari la kukalia alikuwa nalo. Alichokosa ni mwenzi wa kuketi kando yake. Na Filipo alipopanda, ndipo maandiko yalipofunguka.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, nayo ilipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta kwa watu waliokaa mbali na miji. Mwaka 1963 ikatungwa sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Wakati ule, katika kila watu wazima 100 wa nchi hii, wapatao 67 hawakujua kusoma. Mitihani ya mwaka 1975 ilionyesha kuwa wamebaki kama 39. Je, hao ndio watu waliovikataa vitabu?

Tena kumbukeni mwaka 1973, ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu 2,000,000 walikusanyika katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake. Wakisha kusoma, walitoka wakachimba vyoo na kusafisha visima. Palikuwa na kitabu, palikuwa na mtu wa kukieleza, na palikuwa na kazi ya mikono baada yake. Vitu hivi vitatu vilipokutana, watu wetu walisoma. Baadaye zilipoanzishwa maktaba za vijijini, nyingi zilififia; kwa maana vitabu vipya havikuja, na wale waliozitunza hawakufundishwa vya kutosha wala hawakulipwa vema. Kilichokufa ni malezi ya msomaji. Hamu ya kusoma haikufa.

Hapa ndipo tutakapo kusema neno letu kubwa. Wengi wadhani kwamba kumpa mtu shauri la kitabu ni kumpa kile tumtakiacho sisi: kitabu cha mtihani, au cha maonyo. Mkutubi mwema haanzi hivyo. Huanza kwa kuuliza, "Mikono yako hupenda kufanya nini, jioni kazi ikiisha?" Yule atundikaye mizinga ya nyuki mwituni apewe kitabu cha ufugaji wa nyuki, naye atakisoma hata usiku, kwa sababu kila ukurasa wasema habari za mti anaoujua. Mama auzaye vyungu vya Wakisi atokao pwani ya Ziwa Nyasa, apewe kitabu cha Shaaban Robert juu ya maisha ya Siti binti Saad. Atamkuta humo mwanamke wa Unguja aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijajulikana katika nchi nyingi. Mzee apendaye mashauri ya baraza apewe Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, aone jinsi mshtakiwa Karama anavyojitetea mbele ya mfalme. Na yule ajuaye nasaba za koo apewe Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza na misheni huko Magila. Huenda akikimaliza atatafuta daftari, aandike habari za watu wake mwenyewe, Wandali, Walambya au Wamalila, kabla wazee hawajaondoka nazo.

Mambo haya si mchezo wa kupoteza wakati. Kijana amalizaye darasa la saba, asipopata cha kusoma, baada ya miaka michache husoma kwa kugugumiza, na fedha zote za shule yake zimemwagika njiani. Lakini kijana mwenye kazi ya kuupendeza moyo wake, kushona, kusuka vikapu, kupanda miche, kuchonga, kupiga muziki, huyo ana sababu ya kurudi kitabuni kila wiki. Kazi humtaka kitabu, nacho kitabu humrudisha kazini.

Wengine husema, "Siku hizi tuna simu; haja ya maktaba imekwisha." Simu ni chombo chema, nasi hatuikatazi. Walakini simu humpa mtu leo kile kile alichokipenda jana, na kesho humwongezea. Haiwezi kumwona mama kwamba macho yake yamechoka, ikamtafutia kitabu chenye herufi kubwa; wala haimkutanishi kijana apandaye parachichi na jirani aliyetangulia kupanda. Jambo hilo hufanywa na mtu.

Na wengine hulia kwa umbali. Mkoa wetu wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na maktaba ya mkoa ikabaki kule Mbeya. Nauli ya kwenda na kurudi yamshinda mkulima. Ni kweli. Lakini katika nchi kavu ya Garissa, wakutubi wa Kenya walianza mwaka 1996 kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia, wakawafuata wafugaji huko waliko. Ngamia peke yake hamsomeshi mtu. Pamoja naye alikwenda mkutubi. Kama jangwa halikuwa udhuru, milima ya Ileje itakuwaje udhuru?

Basi haya ndiyo tuyatakayo. Wakuu wakija kutuomba mchango wa matofali ya nyumba ya maktaba, tuwaulize kwanza: nani atakayeketi ndani yake, naye atalipwa nini? Iwapo jibu halipo, tusichange hata tofali moja mpaka lipatikane. Vijana wetu wapelekwe Bagamoyo, ambako Bodi ina chuo cha kufundisha ukutubi, kisha warudi huku. Na kwa sasa, kila shule na kila kijiji chenye kabati la vitabu kichague mtu mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyesoma vitabu vile yeye mwenyewe. Afungue kabati siku mbili kila wiki, saa ijulikanayo. Aandike katika daftari jina la mwazimaji, na kando yake kazi aipendayo. Na siku ya mkutano wa kijiji asimame, ataje kitabu kimoja na kusema chamfaa nani.

Jambo hili halingoji fedha kutoka mbali. Lataka ufunguo utoke mfukoni, na mwenye kuushika awe mtu asomaye. Hayo yakitendeka, ndipo mtu aweze kutuambia kama watu wetu wasoma au hawasomi. Kabla ya hapo hana haki ya kusema.