Granada Haikuangamia Mwaka wa 1492

Aghalabu historia ya Granada, ufalme wa mwisho wa Kiislamu nchini Uhispania, hukomeshwa tarehe 2 Januari 1492, siku ambayo Sultani Muhammad wa Kumi na Mbili, maarufu kwa jina la Boabdil, aliwakabidhi mji wake Ferdinand na Isabel. Wasimulizi humwonyesha akilia njiani, na kisa kikaishia hapo. Ni maoni ya makala haya kwamba mtazamo huo unapotosha. Siku hiyo ilianguka dola. Watu wake hawakuangamia.

Ni kweli kwamba dola yenyewe ilijichimbia kaburi. Tangu Muhammad bin al-Ahmar alipoufanya mji huo makao yake mwaka wa 1238, ilidumu kwa zaidi ya miaka 250, mara nyingi kwa kuwalipa wafalme wa Castilla ili iachwe kwa amani. Lakini katika miaka ya 1480 baba, mwana na ami waligombea kiti ilhali adui yu mlangoni. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hata hivyo, mkataba wa 1491 uliwahakikishia walioshindwa dini, sheria na mali yao. Ahadi hiyo haikutimiza miaka kumi: vitabu vya Kiarabu vilichomwa hadharani kwa amri ya Askofu Mkuu Cisneros, na watu wakalazimishwa kubatizwa. Mwaka wa 1567 Mfalme Felipe wa Pili aliwapa miaka mitatu wajifunze Kihispania. Baada ya hapo, kusema, kusoma au kuandika Kiarabu, hata nyumbani, kungekuwa kosa.

Mzee Francisco Núñez Muley aliandika kuipinga amri hiyo. Alihoji kwamba lugha si dini, kwani Wakristo wa Malta nao husema Kiarabu. Tena wakongwe wangejifunzaje lugha mpya? Hakusikilizwa. Uasi ulizuka mwaka wa 1568, ukazimwa 1571, na wenyeji wakatawanywa. Kati ya 1609 na 1614, takriban watu 300,000 wa asili ya Kiislamu walifukuzwa kutoka Uhispania nzima.

Neno la Kihispania *hasta* na neno *hata* la Kiswahili yana asili moja ya Kiarabu. Huko ni mabaki. Huku ni lugha hai. Basi mwanafunzi wa Kiswahili anayeuliza Granada iliangamia lini, asiulize funguo zilikabidhiwa lini. Aulize ni lini mama alianza kuogopa kumbembeleza mwanawe kwa lugha yake.