Nilisema chupa zipigwe marufuku. Anti akanipeleka nyuma ya baa

Kwanza tuelewane. Kama bado hujafika miaka 18, hii isome kama story ya takataka, juu ndivyo ilivyo. Sijakutuma baa.

Sasa. Mwezi jana niliweka video nikisema bia yote Kenya iwekwe kwa mikebe na chupa za glasi zipotee kabisa. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na sababu. Binamu yangu wa miaka tisa alikanyaga kipande cha glasi kwa kiwanja chetu hapa Karurumo, akicheza miguu tupu vile sisi wote tulicheza, akashonwa nyuzi tano. Mimi ndiye nilimbeba kwa boda. Damu ilichuruzika hadi ikajaa kwa kiatu changu. Ukishaona hiyo, mtu asikuambie kitu kuhusu uzuri wa chupa.

Na mkebe una hoja zake, msidhani nimeziacha. Ni mwepesi. Ukianguka haupasuki, na ukijua barabara za ndani za huku msimu wa mvua, boda amebeba kreti mbili nyuma, utaelewa hiyo inamaanisha nini. Unashika baridi haraka. Mwanga hauingii hata kidogo, na mwanga ni adui wa bia: jua likipiga bia, kuna kitu kwenye hops kinabadilika na harufu inakuwa kama kicheche amepita. Ndiyo maana chupa nyingi za bia ni za rangi ya kahawia, hiyo rangi inazuia sehemu kubwa ya mwanga. Chupa ya kijani inazuia kidogo, nyeupe ndiyo kabisa haisaidii. Na wale wa kusema mkebe una ladha ya chuma, wasee, ndani umepakwa utando, bia haigusi chuma. Unachonusa ni mdomo wa mkebe. Mimina kwa glasi uone.

Kuna hoja nyingine inayonigusa kama mtu wa Embu. Mkebe ukishafunguliwa umefunguliwa, hakuna mjanja atajaza kitu chake ndani na kuuza tena. Sisi Mei 2014 tulizika watu kwa sababu ya pombe yenye methanoli. Usituchekeshe na mambo ya pombe bandia.

Kwa hivyo nilikuwa nimejipanga. Halafu anti yangu akaona video.

Anti ana baa ndogo, ameifanya hiyo kazi tangu mimi sijaanza shule. Hakunijibu kwa simu. Aliniita, akanipeleka nyuma kwenye makreti yaliyopangwa mpaka juu, akaniambia, "Kijana, hesabu."

Kreti moja ni chupa 25. Nikahesabu mbili, zote zimejaa chupa tupu.

"Ngapi zimepotea?"

"Hakuna, anti."

"Ikipotea moja nalipa mimi. Gari la depo likija, linataka bia ngapi na chupa ngapi. Unafikiri naweza kuacha mtu atoke hapa na chupa aende kuivunja kwa kiwanja?" Halafu akaniuliza swali ambalo mimi, mtu wa kutengeneza video za kufungua watu macho, sikuwa nimejiuliza. "Hiyo glasi ilikata mtoto ilikuwa rangi gani?"

Ilikuwa nyeupe.

Manze. Nilinyamaza. Ilikuwa nyeupe, na nyembamba, na nilikuwa nimeishika kwa mkono wangu. Haikuwa chupa ya bia. Ilikuwa ile chupa ndogo ya pombe kali, ya mililita 250, inayoingia kwa mfuko wa nyuma wa suruali. Hiyo ukinunua, hakuna mtu anakuuliza uirudishe. Ukimaliza, unaitupa pale umeketi.

Siku nzima nilikuwa najisikia mjinga. Lakini ilinibadilisha vile naona hii vita ya chupa na mkebe. Sisi hubishana kuhusu glasi na alumini kama watu wa kemia, na kitu kinachoamua kama mtoto atakatwa ama hatakatwa ni kama kuna mtu anangojea hicho chombo kirudi. Chupa ya bia ina mwenyewe. Duka linakuambia lete chupa, ama acha pesa ya chupa. Anti anaidai kwako, depo inaidai kwa anti, kiwanda kinaidai kwa depo. Inaoshwa, inajazwa tena, na inaweza kuzunguka hata zaidi ya mara 20. Angalia chupa nzee ya Tusker vizuri, utaona ule mstari mweupe uliochubuka begani. Hiyo ni alama ya kusuguana na wenzake kwa kreti. Imesafiri kukuliko.

Mkebe je? Mnasema unauzwa skrapu. Ni kweli alumini inayeyushwa tena na tena, na kuiyeyusha kunatumia umeme kidogo sana, kunaokoa karibu asilimia 95 ya nguvu inayohitajika kutengeneza mpya kutoka kwa mawe. Hiyo ni hesabu tamu. Lakini njoo tuifanyie hapa mtaani. Mkebe mtupu wa nusu lita hauzidi gramu 20. Mtu wa skrapu ananunua kwa kilo. Hiyo ni mikebe 50 na zaidi ndio upate kilo moja. Nairobi, ambapo watu ni wengi na mikebe ni mingi, kuna mtu ataiokota. Huku kwetu nani ataokota mikebe 50? Inabaki kwa mtaro, inashika maji ya mvua, na wiki ya pili ni shule ya mbu. Kuchoma haichomeki. Tunaifukia na majani ya mahindi na tunajifanya imeenda.

Na kwa hiyo ya pombe bandia, anti alicheka tu. Bandia inapenda chupa ya kufunga kwa kuzungusha mkono. Kifuniko cha bia kinataka mashine. Tena tumerudi kwa ile chupa ndogo.

Kabla mnirushie mawe, nijue pia mshindi wa kweli hata hayuko kwa huu mjadala. Ni keg. Senator ilikuja 2004 ili watu wa mfuko mdogo waache pombe haramu, na ukiangalia upande wa takataka haina chupa wala mkebe. Pipa linarudi, kikombe kinaoshwa, kwisha. Lakini hakuna mtu nimewahi kuona amepiga picha na kikombe cha keg akaiweka kwa status. Mkebe ndio unapigwa picha. Nasi tunajua kwa nini mkebe unapendwa na watu wa umri wetu, tusidanganyane na mambo ya kushika baridi. Huku hata mhudumu anakuuliza, "Baridi ama moto?" na nusu ya wazee wanasema moto.

Kwa hivyo sisemi mikebe ipigwe marufuku, nimejifunza kuweka breki kwa hayo maneno. Nasema iwekewe pesa ya kurudisha. Ujerumani wamefanya hivyo tangu 2003: mkebe wa bia unaacha senti 25 za euro, na chupa ya bia inayojazwa tena ni senti 8 tu. Yaani kile chombo rahisi kutupa ndicho wamekiwekea pesa nyingi. Na sisi tuko na sheria ya taka ya 2022 inayosema mwenye kutengeneza bidhaa abebe mzigo hata baada ya kuuza. Basi abebe. Aanze na ile chupa nyeupe ya mililita 250. Hata ikiwa ni shilingi kumi, watoto wa hapa wataimaliza kwa kiwanja kabla ya saa nne asubuhi.

Jumamosi iliyopita tulifagia kiwanja, mimi na vijana wanne. Tulitoa karibu nusu gunia ya vile vichupa, vingine vimevunjika, mikebe kama kumi hivi, na chupa ya bia moja, nzima. Kiwanja bado hakijaisha, kuna upande wa magoli ya chini hatujagusa. Tunarudi wiki hii na glavu. Binamu anataka kuja, nimemwambia avae viatu.

Ile chupa moja anti alishachukua. Anasema ni yake.