Mechi za Jumatano, majukwaa matupu

Mhariri,

Kwetu Ugalla, kwa reli uwanja wa Ligi Kuu ulio karibu zaidi ni Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Lakini mechi ikipangwa Jumatano saa 10 jioni, nani aende? Mwalimu yuko kazini, na msimu wa kukausha tumbaku moto wa bani hauachwi peke yake hata dakika.

Najua Simba na Yanga wana mechi za CAF, na Azam Media imenunua haki za matangazo ya ligi kwa miaka 10 tangu 2021. Sawa. Ila timu ndogo huhitaji pia viingilio, na televisheni hailipi mlangoni. Basi Bodi ya Ligi izipange Jumamosi zile mechi zisizowahusu Simba na Yanga.

Msomaji,
Ugalla, Katavi