TULALE MJINI, BAHARI TUTAIFUATA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini leo nimeamua kuwaambia wenzangu watazame, kwa maana naona chama chetu cha Kiswahili kinataka kufanya kosa huku macho yote mawili yakiwa wazi.

Jambo lenyewe ni safari ya Mombasa. Mwaka jana, likizo ya Agosti, tulienda huko wanachama ishirini na wanne pamoja na walimu wawili. Tulilala katika gesti moja katikati ya mji, karibu na Mwembe Tayari, kwa sababu pesa zetu zilikuwa kidogo. Tuliporudi malalamiko yakawa mengi. Sasa imependekezwa kwamba safari ijayo tulale ufuoni, kule Nyali au Bamburi, na mchango wa kila mmoja wetu uongezwe mara mbili. Kura itapigwa muhula wa kwanza. Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza kabisa, tukumbuke kwamba sisi ni chama cha Kiswahili, si chama cha kuogelea. Asubuhi ya kwanza nilitumwa mahamri na mbaazi. Mama aliyekuwa akiuza akaniita, "Ndoo, mwanangu!" Nikaangalia huku na huku nikitafuta ndoo, nikidhani anataka nimchotee maji. Watu waliokuwa wakinywa chai pale wakacheka mpaka nikaona haya. Kumbe kwa Kimvita "ndoo" ni "njoo", macho ni "mato", na nchi ni "nti". Lo! Lahaja ambayo darasani tuliikariri kwa ajili ya mtihani, mimi niliipata kwa kuchekwa, na sitaisahau asilani. Je, mtu akilala ndani ya ua la hoteli, ambako mgeni huzungumziwa Kiingereza tangu langoni, atachekwa na nani ili ajifunze?

Pili, ukilala mjini unasoma kwa miguu. Kutoka gesti yetu tulitembea mpaka Fort Jesus bila kulipa nauli ya matatu. Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka wa 1593, na mwaka wa 2011 ikawekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tukapita vichochoro vya Mji wa Kale na kuona milango ya kuchongwa na wazee wakinywa kahawa chungu barazani. Tukafika mtaa wa Kuze, alikozaliwa Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita, na Abdilatif Abdalla, aliyetunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni. Kabla yao, katika mji huo huo, aliishi Muyaka bin Haji. Mimi nilikuwa nikidhani washairi ni watu wa vitabuni tu. Siku hiyo niliona kwamba walikuwa na majirani, na duka la kununulia sukari, kama sisi tu.

Tatu, mji una kazi zake, na kazi hufunza. Kule Marikiti tuliona hamali wakisukuma mikokoteni ya vitunguu na viazi, wengine rika letu. Likoni tulivuka kwa feri pamoja na watu wanaoamkia vibarua, na waendao kwa miguu hawalipi chochote. Hebu nikuulize, ndugu msomaji: mgeni akija Kisumu akalala hoteli iliyo kando ya ziwa, akatazama viboko na machweo, halafu akarudi kwao bila kukanyaga soko la Kibuye, utasema ametujua sisi? Ikiwa hapana, basi na sisi tusiwafanyie Wamombasa hivyo.

Najua kuna wale watakaosema nimesahau shida. Sijasahau. Mgala muue na haki mpe. Chumba chetu kilikuwa na pangaboi lililozunguka kwa kusuasua, joto likatushika na mbu wakatuimbia. Mabasi ya usiku yalipiga honi mpaka alfajiri. Tena mwenzetu mmoja alichomolewa pesa mfukoni kwenye msongamano. Hayo ni kweli. Lakini dawa yake ni kubeba neti, kumpa mwalimu pesa azitunze, na kutembea wawili wawili. Dawa si kuukimbia mji.

Wengine watasema, "Sisi watu wa ziwa tunataka bahari!" Hata mimi niliitaka, si nilikuwa wa kwanza kuonja maji nihakikishe kama kweli yana chumvi? Lakini tuliipataje? Tulipanda matatu asubuhi, tukavuka daraja la Nyali, tukashinda ufuo wa umma wa Bamburi mpaka jioni. Hakuna aliyetutoza kiingilio. Mchana bahari ni ya wote. Usiku ni giza na sauti ya mawimbi tu. Kwa nini tulipie giza bei maradufu?

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, nalo ni huo mchango. Hapa Muhoroni wengi wetu ni watoto wa wakulima na wakata miwa. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, kwa hivyo pesa zake haziji kila mwezi kama mshahara. Mwaka jana mama yangu aliuza kuku watano ndipo nikaenda. Na wako wawili waliobaki nyumbani hata kwa mchango ule mdogo. Mmoja wao ndiye anayeghani mashairi kutushinda sote. Sisi tulisimama Kuze tukipiga picha, na yeye aliyestahili kusimama pale alikuwa shambani akipalilia miwa. Tukiongeza mchango mara mbili, watakaobaki hawatakuwa wawili tena. Dau la mnyonge haliendi joshi, lakini si lazima sisi wenzake tulitoboe.

Kwa hivyo naomba hivi: tulale mjini tena, mchango ubaki ule ule, na kila atakayeweza aongeze kidogo ili wale wawili waende. Reli ya zamani ilianzia Mombasa mwaka wa 1896, ikapita hapa hapa Muhoroni, ikafika ziwani mwaka wa 1901. Ikiwa reli haikuturuka sisi, basi na sisi tusimruke mwenzetu. Jifya moja haliinjiki chungu.

Wenzangu, siku ya kura ikifika, kumbukeni kiti kilichokuwa wazi ndani ya basi.