Ini lilindwe kabla ya kisu kuligusa

Waswahili husema kwamba neno la uchungu hukata maini. Katika chumba cha upasuaji ini hukatwa kwa kweli, na hukatwa ili kuokoa maisha. Mgonjwa wa saratani aweza kuondolewa zaidi ya nusu ya kiungo hicho na bado akapona, kwa kuwa sehemu inayosalia hukua tena. Mnamo 1931, Higgins na Anderson wa Marekani waliwaondolea panya thuluthi mbili za ini, wakaeleza jinsi masalio yalivyokua upesi.

Hata hivyo, ukuaji huo una masharti. Kipande kilichoachwa kikiwa kidogo mno, damu yote iliyokuwa ikipita katika ini zima hukifurikia. Chembechembe zake huumia, macho ya mgonjwa hugeuka manjano, damu hukataa kuganda, na hatimaye fahamu humtoka. Ndiyo maana wapasuaji hupima kwanza ukubwa wa sehemu itakayobaki. Ini lenye afya huhitaji kubakiza angalau asilimia 20 hadi 25. Lililochoshwa na dawa za saratani huhitaji asilimia 30, na lenye makovu asilimia 40.

Wataalamu hawakukaa wakakunja mikono. Katika miaka ya 1980, wapasuaji wa Japani walianzisha njia ya kuziba mshipa unaolisha upande utakaoondolewa, kisha kungoja majuma kadhaa ili upande wa pili unenepe. Wakati wa upasuaji wenyewe, hutumika mbinu aliyoieleza Pringle wa Glasgow mwaka wa 1908, ya kubana mishipa inayoingia katika ini ili kuzuia mgonjwa asivuje damu nyingi. Lakini ini lililonyimwa damu huumia, na damu inaporejea ghafla huleta madhara yake. Kwa hiyo wengi hubana kwa dakika 15, kisha huachilia kwa dakika 5. Baada ya hapo mgonjwa hulindwa dhidi ya maambukizo, hulishwa vyema, huepushwa na dawa zinazolichosha ini, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Iwapo siku ya tano umanjano ni mwingi na damu haigandi vyema, hali ni ya hatari.

Tunazisifu juhudi hizo. Lakini msomaji na ajiulize: ni nini kinachotenganisha mgonjwa wa asilimia 20 na yule wa asilimia 40? Mara nyingi tofauti hiyo imeletwa miaka mingi kabla ya mgonjwa kulazwa: na homa ya ini aina ya B isiyotibiwa, na ulevi, au na mambo mengine yanayolitia ini makovu. Nayo sumu ya aflatoksini katika mahindi yenye ukungu huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi hivyo. Wakenya hawajasahau mwaka wa 2004, pale sumu hiyo ilipowaua watu 125 miongoni mwa 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini Kenya mwaka wa 2001. Maana yake ni kwamba mwanafunzi wa leo wa sekondari huenda amekingwa, ilhali mwalimu wake aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajakingwa. Hali hii haifai kuachwa hivi hivi. Twazisihi wizara za Afya na Elimu zihakikishe kwamba walimu wanapata nafasi ya kupimwa na kuchanjwa karibu na mahali pa kazi, kwa siri, na bila yeyote kunyimwa ajira kwa sababu ya majibu yake. Shule nazo ziyakague mahindi ya ghala zao kabla ya kuyapika, na somo la biolojia lisiishie kwenye kuchora ini ubaoni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ini ni ukuta ulio tayari kujijenga wenyewe, mradi kipande kinachosalia kiwe kizima. Mpasuaji aweza kukilinda kipande hicho kwa dakika 15 na kwa siku tano. Miaka yote iliyotangulia iko mikononi mwetu.