Mbona Shaka Ije Baada ya Mabao?

Kabla sijafika mbali naomba niungame. Mnakumbuka muhula wa pili tulipotembelewa na wasichana wa shule jirani kwa mchuano wa kandanda. Mlinda lango wao alikuwa binti mrefu, mabega mapana, sauti nzito, na kila mkwaju tuliompelekea aliudaka kama mtu anayepokea embe. Kufikia kipindi cha pili mashabiki wetu walikuwa wamempata wimbo: "Huyo si msichana! Huyo si msichana!" Sitajifanya malaika. Nami niliimba, tena kwa sauti ya juu. Tulitoka sare bila kufungana, wageni wakapanda basi lao, sisi tukarudi bwenini tukicheka.

Baadaye nilizisoma habari za Park Eun-sun, mshambulizi aliyeichezea Korea Kusini katika Kombe la Dunia mara tatu. (Park ndilo jina la ukoo, kwao ukoo hutangulia.) Kicheko changu kilikatika. Nilikuta kwamba wimbo ule ule tulioimba sisi, kule kwao uliimbwa na makocha. Watu wazima, wenye mishahara, tena kwa barua.

Park alizaliwa siku ya Krismasi mwaka wa 1986. Ni mwanamke wa kimo cha futi sita hivi, na kwa hiyo katika timu nyingi alizochezea alionekana kama mlingoti katikati ya vichaka. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 16, umri wa wengi wetu hapa, alikuwa kwenye kikosi cha Korea Kusini kilichokwenda Marekani kucheza Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo. Walicharazwa bila huruma: Brazil 3-0, Ufaransa 1-0, Norwe 7-1. Mwaka uliofuata timu yao ya vijana ikatwaa ubingwa wa Asia, naye akiwa mmoja wa washambulizi wake.

Alipomaliza shule ya upili alijiunga moja kwa moja na timu ya Jiji la Seoul. Kumbe hilo nalo lilikuwa kosa! Wakuu wa kandanda ya wanawake walikuwa wameamua kuwa msichana sharti apitie chuo kikuu kwanza ndipo aingie timu ya watu wazima. Akafungiwa kucheza kwa muda. Hebu nanyi watahiniwa mjiulize: umepata kazi uliyoiota tangu utotoni, halafu unaambiwa urudi darasani kwanza la sivyo ukae nje. Sisemi kwamba Park alikuwa mtu wa kufugwa kwa urahisi. Miaka ile aliwahi kuiacha timu na kuirudia. Lakini kipaji kilikuwepo, na kila aliporudi mabao yalirudi pamoja naye.

Sasa tufike mwaka wa 2013, maana hapo ndipo penye uozo. Ligi ya wanawake ya Korea Kusini ilikuwa na timu saba. Park, akiwa na miaka 26, alifunga mabao 19 katika mechi 22, na timu ya Jiji la Seoul ikamaliza msimu katika nafasi ya pili. Ingekuwa kwetu angebebwa juu juu. Huko, mwezi wa Novemba, ikafichuka kwamba makocha wa timu zote sita pinzani walikuwa wamekutana na kukubaliana kudai kwamba jinsia ya Park ichunguzwe. La sivyo, walisema, wangesusia ligi ya 2014. Mambo yalipoanza kuwachemkia, ikadaiwa ati yalikuwa mazungumzo tu ya watu waliokutana faragha, mzaha. Timu ya Seoul iliwaita waandishi wa habari ikatoa ushahidi wa maandishi. Mzaha gani huo unaoandikwa na kutumwa ofisini?

Hoja yangu iko hapa. Mwili wa Park haukubadilika mwaka wa 2013. Kimo kile kile, sauti ile ile, nywele zile zile fupi, vyote walivionea uwanjani kwa miaka kumi. Waliimba wimbo wa taifa akiwa amevaa jezi ya taifa. Alipokuwa hafungi, au alipokuwa nje ya timu, hakuna aliyekosa usingizi kwa sababu yake. Shaka ilizaliwa pamoja na bao la 19. Kama makocha wale walikuwa wakiitafuta haki, basi haki yao ilikuwa na saa ya ajabu, ilikokwenda kwa kuhesabu magoli.

Tena Park mwenyewe alieleza hadharani, kwa uchungu, kwamba alikwisha kupimwa zamani akiwa angali msichana mdogo, kwa ajili ya mashindano ya kimataifa, na kwamba aibu ile hakuisahau. Sasa wanataka apimwe mara ngapi? Mpaka aache kufunga?

Najua kuna mwenzangu atakayeinua mkono na kusema: "Lakini dada, michezo ya wanawake lazima iwe na mpaka, ama sivyo kuna haja gani ya kuitenga na ya wanaume?" Swali ni zuri wala silikwepi. Sisi Wakenya tunalijua kwa karibu. Margaret Nyairera Wambui alituletea medali ya shaba ya mita 800 kutoka Rio mwaka wa 2016. Mwaka wa 2019 wakuu wa riadha duniani wakaanza kutekeleza kanuni zilizomnyima mbio zile, isipokuwa akubali kupunguza homoni ambazo mwili wake unatengeneza wenyewe. Mwaka wa 2025 wakaongeza jingine: kila mwanariadha anayetaka kushindana na wanawake katika ubingwa wa dunia apimwe jeni, mara moja maishani. Kuhusu kanuni hizo wanasheria na madaktari wanabishana hadi leo, na mimi huona Wambui alitendewa vibaya. Lakini hata anayeziunga mkono hawezi kuzitumia kuwatetea wale makocha sita. Kanuni, hata ikiwa mbaya, huandikwa kabla ya mashindano, humhusu kila mmoja, na majibu hubaki kati ya daktari na mchezaji. FIFA nayo ilikuwa na kanuni zake za jambo hilo tangu 2011. Makocha hawakuzingoja. Walimchagua mtu mmoja, aliyewafunga, wakamweka sokoni.

Usisahau pia ni nani waliokuwa wakisema. Kocha wa wasichana ni mtu anayekabidhiwa watoto wa watu. Wachezaji wa timu zile sita walijifunza nini siku ile? Kwamba ukiwa mrefu kupita kiasi, au ukiwa na nguvu kupita kiasi, au ukinyoa nywele, mwalimu wako mwenyewe anaweza kesho kukugeukia. Binti mwenye akili angeanza kucheza kwa kujibana, bao moja leo, bao moja kesho, asije akatiliwa shaka.

Mwezi wa Februari 2014 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea Kusini ilitoa uamuzi. Ilisema kitendo cha makocha kilikuwa udhalilishaji wa kijinsia na uvunjaji wa haki za mchezaji, na ikapendekeza wachukuliwe hatua. Mwezi wa Mei Park akaitwa timu ya taifa kwenda Vietnam kwa Kombe la Asia. Jamani, alicheza! Myanmar ilifungwa 12-0, matatu yakiwa yake. Thailand ikafungwa 4-0, mawili yake. Nusu fainali dhidi ya Australia alifunga penalti ingawa walishindwa 2-1. Mabao sita kwa jumla, na ni Yang Li wa Uchina pekee aliyemfikia. Korea Kusini ilimaliza ya nne na kupata tikiti ya Kombe la Dunia la 2015, baada ya kulikosa kwa miaka 12.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba uamuzi wa tume ulifuta kila kitu. Mwaka huo huo wa 2014 alifungasha virago akaenda Urusi kuichezea klabu ya Rossiyanka. Mfungaji bora wa nchi anaiacha ligi ya kwao miezi michache baada ya kutukanwa. Kuna watakaosema alifuata ujira, na huenda ujira ulikuwepo. Mimi nasema mtu hahami nyumba yenye amani upesi namna hiyo.

Baadaye alirejea kwao. Mwaka wa 2015 kule Kanada alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Uhispania 2-1 na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza, wakatolewa na Ufaransa. Kisha timu ya taifa ikamsahau kwa miaka saba. Mwaka wa 2022 kocha Mwingereza Colin Bell akamwita tena, wengi wakidhani siku zake zilikwisha. Aprili 2023 aliifunga Zambia katika mechi za kirafiki, na Julai akapanda ndege kwenda Australia, miaka 36, miaka 20 kamili tangu Kombe lake la kwanza. Matokeo hayakuwa ya kujivunia: walifungwa na Kolombia 2-0 na Moroko 1-0, kabla ya kwenda sare ya 1-1 na Ujerumani, sare iliyowatupa Wajerumani nje ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Katika kikosi kile kile alikuwamo Casey Phair, mwenye miaka 16 na siku chache, mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kucheza Kombe la Dunia. Park alipokuwa na umri huo na kuvaa jezi ile, Phair alikuwa hajazaliwa.

Narudi uwanjani kwetu. Timu ile ya jirani imepangwa kuja tena muhula ujao, na nimeambiwa mlinda lango wao bado yuko. Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa Mwalimu wetu wa michezo na viranja wake: wimbo ule ukianza, mechi isimamishwe kama inavyosimamishwa mawe yakirushwa. La pili ni kwa washambulizi wetu, ambao ni rafiki zangu na watanisamehe. Mwaka jana mlipiga mikwaju mingi sana moja kwa moja mikononi mwake. Jaribuni pembeni, tena chini chini, maana watu warefu huchelewa kuinama.