Kompyuta ya Nyumbani na Haki ya Mtu



Jumamosi iliyopita, baada ya darasa la akina mama, alitujia dada mmoja ambaye hupika vyakula vya arusi na shughuli, akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. Alisema: "Sheikh, kuna kijana aliniwekea programu zote kwenye laptopu yangu kwa shilingi mia tano. Sasa nasikia kwamba zile programu ni za kuibwa. Nami ndizo niandikiazo ankara za wateja na hesabu zangu. Je, riziki yangu ina doa?"

Tulinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Si kwamba swali lilikuwa geni kwetu, bali lilitugusa. Mwaka mmoja kabla yake, sisi wenyewe tulikuwa tukiandika makala haya, na khutba za Ijumaa, na karatasi za mtihani za madrasa, kwa laptopu ya namna hiyo hiyo. Tuliinunua ikiwa imeshatumika, na fundi akatukabidhi akisema ina kila kitu. Hatukumuuliza kila kitu hicho kimetoka wapi. Siku moja binti yetu mdogo alikuwa akituchapia orodha ya wanafunzi, akanyoosha kidole kwenye pembe ya chini ya skrini akasema: "Baba, mbona maandishi haya hayaondoki?" Tukavaa miwani, tukasoma. Windows ilikuwa yatutaka tuithibitishe kwa leseni. Tulipompelekea fundi alicheka, akasema: "Hiyo ni kawaida, Sheikh. Naipiga dawa sasa hivi, haitakusumbua tena."

Makala yetu ya wiki ile yalikuwa juu ya amana.

Wako wasemao kwamba programu si kitu cha kushikika mkononi, kwamba haipungui kwa kunakiliwa, na kwamba mwenyewe ni kampuni tajiri iliyo ng'ambo ya bahari. Hoja hizi twazijua, kwani nasi tulijiambia hayo hayo. Lakini utajiri wa mwenye mali haujapata kuwa ruhusa ya kumchukulia mali yake, wala umbali wake haumwondolei haki. Wanazuoni wa zama zetu wamelitazama jambo hili. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mnamo Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali, zalindwa na sheria ya Kiislamu, na haifai kuzivamia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yahesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Basi jambo hili ni katika haki za waja, na twajua sote kwamba haki ya mja haitoki shingoni kwa istighfari peke yake.

Juu ya hayo pana madhara ya dunia. Ile "dawa" anayopiga fundi ni programu iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, na mara nyingi hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi ndipo iingie. Fikirini, akina mama. Ndani ya kompyuta hiyo mna picha za arusi za ndani, zilizopigwa wakati wa kumpamba bibi arusi, ambazo hata shemeji hapaswi kuziona. Mna nakala za vitambulisho na nywila za benki. Mlango wa nyumba twaufunga kwa komeo, na huu mwingine twamwachia mgeni tusiyemjua hata jina.

Hapa lazima tutenge. Anunuaye laptopu mpya dukani yenye Windows na leseni yake, hana neno. Hata zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa hapa kwetu, nyingi huja na leseni yake ya asili, na muuzaji mwaminifu atakuonyesha. Anayeweza kununua leseni na anunue, na Mwenyezi Mungu ambariki. Maneno yetu ni kwa yule ambaye mfuko wake haufiki huko, akadhani kwamba hana njia ila ya kuiba. Njia iko, na ni ya halali, na haina malipo.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Finland, aitwaye Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo endeshi, yaani programu mama inayoamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote. Kiini hicho kikaitwa Linux. Kabla yake, mwaka 1983, Mmarekani aitwaye Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kutengeneza mfumo mzima ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kumpa mwenzake. Kazi hizi mbili zikakutana. Leseni yake haikuzuii kunakili, bali yakuruhusu kwa maandishi. Sharti lake kubwa ni kwamba ukiugawa mfumo huo, hata kama umeutengeneza upya, usimfungie mwenzako mlango uliofunguliwa wewe.

Sisi watu wa Pwani hatuhitaji maelezo marefu kulifahamu jambo hilo. Tumelelewa penye visima vya wakfu. Mtu alichimba kisima, akawaachia watu wateke, na hakuna ajaye kukizungushia ukuta akasema ni changu. Hatusemi kwamba Linux ni wakfu kwa maana ya fiqhi, lakini aliyekunywa maji ya kisima cha msikiti ataelewa upesi.

Kutokana na kiini hicho imetoka mifumo mingi. Mmoja mashuhuri waitwa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake katika lugha za kusini ni lile lile tunaloliita utu. Mwingine ni Linux Mint, uliojengwa juu ya Ubuntu, na sura yake haimpotezi mtu aliyezoea Windows. Palikuwapo hata mmoja uliotengenezwa kwa ajili ya Waislamu, ukiitwa Sabily, wenye nyakati za swala, programu ya kusomea Qur'ani iitwayo Zekr, na kichujio cha kuwakinga watoto na machafu. Mfumo huo haukudumu. Watengenezaji wake walikoma baada ya miaka michache. Nalo ni funzo: chagua mfumo wenye watu wengi nyuma yake, usichague kwa jina tu.

Sisi tulichagua Mint, na kwa muda wa mwaka sasa ndio tuutumiao. Hatutawaficha uzuri wala ubaya wake.

Ubaya tuliuanza wenyewe. Wakati wa kuuweka, mfumo ulituuliza kama tunataka kufuta diski yote. Tulikuwa na haraka ya kuwahi Alasiri, tukakubali, na hatukuwa tumehakiki kwamba nakala zetu zimeingia kwenye flashi. Hazikuwa zimeingia. Makala tuliyapata kwa mhariri wa jarida hili, Mungu amlipe heri, lakini khutba za miaka miwili zilikwenda na maji. Kosa halikuwa la Linux. Tuliulizwa, tukajibu bila kusoma.

Wiki ya kwanza printa yetu ilikataa kutoa hata ukurasa mmoja, na fundi wetu wa mtaani akatwambia kwamba hayajui mambo hayo. Ikatubidi tutafute programu ya printa ile katika mtandao wa watengenezaji wake, na mpwa wetu akatusaidia kwa simu. Kisha tukaona barua tulizoandikiwa kwa Word zikifunguka huku mistari imesogea. Sababu yake ilikuwa aina za herufi, kwa kuwa zile za Microsoft hazimo. Tulielekezwa kutumia Carlito badala ya Calibri, na Liberation badala ya Times New Roman na Arial, kwa kuwa zimepimwa upana sawa na zile, na mistari ikarudi mahali pake. Na barua ambayo hatutaki isogee kabisa twaituma kwa PDF.

Yako pia mambo yasiyowezekana, au yawezekanayo kwa taabu. Baadhi ya programu za uhasibu na za kusanifu picha hutengenezwa kwa Windows pekee. Majedwali ya Excel yenye amri za ndani huenda yasifanye kazi. Mwenye ofisi inayotegemea vitu hivyo asikimbilie kuhama, bali atafute leseni.

Ama kazi za kila siku, hatujakosa kitu. LibreOffice, ambayo huja pamoja na mfumo, hutuandikia barua, mitihani na hesabu za karo. Firefox hutufungulia barua pepe, huduma za serikali na WhatsApp ya kompyuta. Masomo ya Zoom ya binti yetu yafanya kazi. Laptopu yetu ina RAM ya GB 4 tu, nayo ni nyepesi kuliko ilivyokuwa. Hili lafaa likumbukwe na wenye mashine kuukuu, kwani Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Mashine iliyohukumiwa kutupwa yaweza kumsomesha mtoto miaka mingine kadhaa.

Lililotufurahisha zaidi ni uandishi wa Kiarabu. Kibodi ya Kiarabu huongezwa kwenye mipangilio kwa dakika moja. Tumeweka hati ya Amiri, aliyoibuni Khaled Hosny wa Misri kwa kufuata herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo, nayo ni huru kutumiwa na yeyote. Irabu zake hukaa mahali pake kama katika vitabu tulivyosomea utotoni. Humo mna hata zile herufi za p, ch na g wanazozihitaji waandikao Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Kwa hati hiyo twachapa masomo ya madrasa, na hakuna tulichokiiba ili tuyachape.

Kwa atakaye kujaribu, njia ni hii. Kwanza, hifadhi nakala za picha na maandishi yako yote, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba zimo. Usifanye kama sisi. Pili, pakua Mint kutoka kwenye tovuti yake yenyewe. Faili ni kubwa, karibu GB 3, basi tafuta palipo na Wi-Fi. Tatu, iweke kwenye flashi na uiwashe kompyuta kutoka hapo. Mfumo utafunguka bila kugusa diski yako, nawe utajaribu sauti, intaneti na printa kwa siku mbili tatu. Ukiona haukufai, chomoa flashi, na kila kitu ki vile vile. Nne, ukiridhika, ndipo uuweke, ukisoma kila swali kabla ya kujibu. Na nywila kuu, inayotakiwa kila programu mpya inapowekwa, na ibaki kwa mama au baba, watoto wapewe akaunti zao. Hakuna mfumo unaolea watoto, lakini ufunguo ukiwa mkononi mwa mzazi ni msaada.

Turudi kwa dada yetu. Tulimwambia kwamba biriani yake aliipika kwa mikono yake, kwa mchele alioununua, na mteja akala akalipa kwa ridhaa. Kazi hiyo, kwa tuonavyo, ni halali, na hatusemi kwamba pato lake ni haramu. Kosa liko kwenye chombo. Alipokuwa hajui, twataraji msamaha wa Mola wake. Sasa amejua, basi asiendelee: anunue leseni au ahamie kwenye mfumo ulioruhusiwa. Akatutazama akauliza: "Na wewe Sheikh, zile khutba ulizoziandika kwa ile ya wizi?"

Tulimjibu kwamba hizo zilikwishafutika. Akacheka, nasi tukacheka. Lakini usiku ule swali lake halikutuacha. Diski imefutika, na miaka tuliyotumia mali ya watu bila idhini haikufutika pamoja nayo. Tumekaa na mke wetu tukakubaliana kwamba thamani ya leseni ile tutaiweka kando kidogo kidogo kila mwezi, hata itimie, kisha tununue leseni kwa wenyewe ingawa hatutaitumia. Huenda wako watakaoona kwamba tumezidisha. Sisi twaona ni afadhali kulipa hapa, ambapo malipo ni shilingi.

Dada huyo atakuja Jumamosi ijayo na laptopu yake. Tumemwambia aje na flashi mbili, moja ya kuwekea mfumo na moja ya nakala. Na ya nakala tutaifungua kwanza.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.